Mjerumani treni, Mwingereza manowari, sisi basi: niliyojifunza kwa kuunda modeli Tanga

Vijana wanaopita kibandani kwangu hapa Ngamiani wakiona meli ndogo mezani huuliza swali lilelile: "Kaka, hii kazi inalipa?" Inalipa, ila hasara nyingi zinazompata anayeanza hazitokani na mikono yake. Tanga haijapungukiwa mafundi. Hasara hutokana na kuunda kitu kizuri ambacho mtu aliyesimama mbele yako hana haja nacho.

Nilianzia kwenye majahazi, kama mtu yeyote wa pwani mwenye kisu na msasa. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa vyombo Pangani, nami niliufuata utaratibu wake hata kwenye kipande cha urefu wa mkono: mkuku kwanza, mbao za chini, ndipo mataruma yaingizwe. Mlingoti, foromali, tanga la marikani, usukani unaogeuka kweli. Niliyapeleka kwenye duka la hoteli moja upande wa Raskazone kwa makubaliano ya kulipwa yakiuzwa. Wageni waliyashika, wakayageuza, wakayapiga picha, wakayarudisha pale pale. Mwenye duka alinivumilia mpaka masika yakaingia, mbao zikavimba, maungio yakafunguka, akaniomba kwa adabu niyaondoe. Mbao, gundi na nauli peke yake vilikuwa vimeshakula zaidi ya laki tatu. Nyumbani mama alitazama lile boksi lililorudi, akanikaribisha chai, hakusema neno. Afadhali angesema.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Kijerumani, mstaafu, aliyekaa hotelini pale siku kadhaa. Alisema jahazi ni zuri, lakini yeye amekuja Tanga kwa ajili ya reli. Nilidhani anatania. Kumbe kwao kuna watu wazima, wenye wajukuu, ambao bustani zao zimezungukwa na treni ndogo zinazotembea mvua na jua. Märklin wa mji wa Göppingen wapo tangu 1859, na mwaka 1968 ikaingia sokoni treni ya bustani iitwayo LGB, inayopita kwenye reli ya upana wa milimita 45 kwa skeli ya 1:22.5, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 22.5. Akachukua karatasi tukapiga hesabu pamoja: 45 mara 22.5 ni mita moja na kidogo. Reli ya Tanga ina upana wa mita moja kamili. Njia ile iliyoanza kujengwa hapa mjini mwaka 1893 na kufika Moshi 1911 inaingia kwenye bustani yake bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Basi akili yangu ikakimbilia kichwa cha treni. Nikamwambia nitamuundia kichwa cha moshi cha zamani, cha shaba, magurudumu yote yakizunguka. Akacheka. "Vichwa ninavyo vingi," akasema. Alichokuwa hana ni behewa la mizigo lililopakiwa marobota ya katani. Hakuna kiwanda cha kwao kinacholitengeneza. Alitaka pia toroli za mashamba ya mkonge, zile za kubebea majani kutoka shambani kwenda kiwandani kwenye kijireli chembamba, na jengo dogo la stesheni.

Hapo ndipo mambo yangu yalipogeuka, na kama utasoma aya moja tu ya maelezo haya, soma hii. Ukisikia kwamba watu wa nchi fulani wanapenda kitu fulani, umeambiwa kile ambacho kwao tayari kimejaa. Viwanda vyao vimeshakitengeneza kwa ubora ambao wewe na tupa yako hamtaufikia, na kwa bei itakayokuaibisha. Nafasi yako iko pembeni ya kile kitu: mzigo wake, jengo lake, watu waliokihudumia, ardhi iliyokuwa chini yake. Mjerumani ana treni. Hana katani.

Behewa lile nililiunda kwa mabaki ya mitiki ya Longuza, Muheza, na marobota nikayafunga kwa nyuzi halisi za mkonge zilizochambuliwa mpaka zikawa laini. Alilipa bila kubishana, na akanitumia rafiki zake.

Waliofuata walitaka manowari, na hapa jiografia ya ladha ikaanza kunichanganya. Kila Mjerumani mpenda meli anayekanyaga Tanzania huja na jina moja mdomoni: Königsberg. Ni ile manowari iliyojificha kwenye delta ya Rufiji na kuangamizwa Julai 1915, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ikatolewa na kukokotwa nchi kavu. Ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi. Kwa skeli ya 1:250, ambayo Wajerumani wanaipenda kwa sababu meli zao nyingi za karatasi huchapishwa kwa skeli hiyo, unapata kitu cha sentimita 46, kinakaa vizuri juu ya kabati.

Kisha akaja Mwingereza. Nikamwonyesha Königsberg nikidhani vita ni ileile na mto ni uleule. Aliitazama kwa heshima, akauliza: "Severn unayo? Mersey je?" Hizo ndizo manowari mbili zenye tumbo bapa, zinazoelea kwenye maji haba, zilizoingia mtoni kuipiga Königsberg. Zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazil, Uingereza ikazinunua vita vilipoanza mwaka 1914. Mwenzake aliyekuwa naye hakujali meli kabisa. Alitaka ndege zilizoruka kutoka Mafia kuelekeza mizinga ya meli hizo. Mto mmoja, wateja watatu, na kila mmoja haoni cha mwenzake.

Hilo la ndege lina historia yake. Miaka ya 1950 kampuni ya Airfix ilitoa ndege ya kivita ya Spitfire, ndogo, ya plastiki, 1:72, na mtoto wa Kiingereza akaweza kuinunua kwa pesa yake ya mfukoni. Waliokuwa watoto wakati ule, na waliowafuata, ndio wazee wanaojaza maonyesho leo. Chama chao cha waundaji wa modeli za plastiki, IPMS, kilianzishwa Uingereza mwaka 1963, na mpaka sasa hukusanyika Telford kila Novemba. Wajapani nao walizoea kitu kingine: Tamiya wa Shizuoka walipotengeneza kifaru cha Panther miaka ya mwanzo ya 1960 walikipima ili mota na betri vienee ndani, na kipimo hicho, 1:35, kikawa kipimo cha vifaru dunia nzima. Betri ndiyo iliyoamua! Sasa mtu akikuambia 1:35 ni skeli tukufu, tabasamu tu.

Kijana wa Kijapani aliyekuwa akijitolea kufundisha hesabu katika sekondari moja ya huku hakutaka kifaru wala manowari. Alitaka Gundam, yale maroboti ya katuni yanayouzwa tangu 1980. Nilimwambia ukweli kwamba sitaweza kushindana na vipande vinavyonasana bila gundi na vyenye rangi yake tangu kiwandani. Tukakubaliana nimtengenezee jukwaa la kulisimamishia: gofu la ghala la zamani la bandarini, kuta za mawe ya matumbawe, mzizi wa mtini umepasua ukuta. Roboti likasimama katikati. Kusema kweli lilipendeza kuliko nilivyotarajia.

Skeli imenigharimu pesa kuliko gundi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Treni ndogo za mezani, siyo zile za bustani, za Waingereza na za Wajerumani zinapita juu ya reli ndogo ya upana uleule, milimita 16.5. Ukiona hivyo utadhani jengo moja la stesheni linafaa kwa wote wawili. Halifai. Mjerumani anaunda kwa 1:87, Mwingereza kwa 1:76. Mlango utakuwa mfupi, na mtu wake atainama kuingia. Nilikuwa na stesheni nzuri ya 1:87 yenye bati lenye kutu na benchi barazani, mteja wa Bristol akaikataa kwa dakika moja, na alikuwa na haki. Iulize skeli kabla ya bei. Iandike kwenye ujumbe, mteja aijibu kwa maandishi, ndipo upokee nusu ya malipo. Bila nusu mkononi usikate ubao.

Kuna jambo jingine la Ujerumani unalopaswa kulijua hata kama hutaki siasa. Mteja mmoja anayeishi kule alinitumia boksi la vipande vya Messerschmitt, ndege ya kivita ya Kijerumani, nimuundie kwa ujira. Wapo watu wenye pesa na wasio na muda, na hiyo ni biashara halali. Kwenye karatasi ya stika ile alama ya Wanazi ya mkiani haikuwemo. Nikamuuliza kama niichore kwa brashi, maana picha zote za zamani zinayo. Alinijibu haraka: usithubutu. Sheria yao ya jinai, kifungu cha 86a, inazuia kuonyesha alama hizo hadharani, ndiyo maana maboksi yanayouzwa kule huja bila hiyo alama au imekatwa vipande. Mteja wa Marekani au Uingereza, kwa ndege hiyohiyo, huenda akalalamika kwamba umeiacha. Kwa hiyo uliza kitu kitakaa nchi gani. Uraia wa anayelipa hautoshi.

Mpolandi mmoja alipita akitokea Tengeru, karibu na Arusha, alikokwenda kutazama makaburi ya wakimbizi wa kwao waliohifadhiwa pale wakati wa Vita vya Pili. Huyu hakununua kitu. Alikaa mchana kutwa akinifundisha kuunda kwa karatasi. Kwao, enzi za ukomunisti, plastiki ilikuwa adimu, na tangu 1957 kulikuwa na jarida liitwalo Mały Modelarz lenye kurasa za kukata na kugundisha: ndege, meli, vifaru. Kizazi kizima kikajifunza ufundi kwa mkasi. Mpaka leo Mpolandi anaheshimu karatasi kwa namna ambayo Mmarekani haielewi, maana huyo alikulia kwenye magari ya plastiki ya 1:25 yanayobadilishwa injini na rangi.

Nilipomsikiliza niliwakumbuka watoto wa mtaa wetu na magari yao ya waya, mabasi ya maboksi, magurudumu ya vifuniko vya chupa na kandambili zilizochakaa. Ladha ya nchi, nionavyo mimi, inatoka sehemu mbili: kile kilichokuwa kikipita mbele ya mlango ulipokuwa mdogo, na kile ulichoweza kukipata cha kukiundia. Ndege za kivita hazikuwa zikipita mbele ya mlango wetu. Yalikuwa yakipita mabasi.

Kabla sijafika kwenye mabasi, Waomani. Hawa huja Tanga kutembelea ndugu, na ndio pekee waliowahi kunikosoa jahazi kwa ujuzi. Ukimpa bumu lenye shetri, yaani sehemu ya nyuma, la sambuku, ambalo ni jahazi la aina nyingine, atakurudishia. Kuna wanaopenda hasa vyombo vya kushonwa, visivyo na msumari. Nchi yao imeshaviunda viwili vikubwa vya namna hiyo, Sohar iliyosafiri hadi China 1980 na 1981, na Jewel of Muscat iliyofika Singapore 2010. Nilimshawishi mmoja achukue mtepe, chombo cha kushonwa cha waswahili wenyewe, chenye tanga la mraba la mkeka. Kushona mbao za unene wa sarafu kwa uzi wa makumbi ni kazi ya kumtoa mtu roho. Vidole vilichubuka, na bei niliyotaja mwanzoni ilinifanya nifanye kazi ya wiki kadhaa kwa posho ya kibarua. Mtepe ni mara mbili ya bei ya jahazi la misumari, isipungue. Wahindi wa hapahapa mjini wenye asili ya Kachchh wakiagiza, huwa ni kotia, jahazi la Kihindi, kwa kuwa babu zao waliziona zikijengwa Mandvi. Shetri la kotia lina nakshi nyingi; liweke kwenye bei.

Sasa sisi wenyewe. Mteja wa Kitanzania haulizi skeli. Anauliza: "Taa zinawaka?" Zikiwaka, mazungumzo yanaendelea. Dereva mstaafu aliyeendesha miaka mingi kati ya Tanga na Dar kwa njia ya Segera na Chalinze aliniagiza basi lake. Hakuwa na picha hata moja. Alinieleza kwa mdomo, akiwa amefumba macho: mkunjo wa bampa, kioo kilichopasuka upande wa kondakta, pazia la rangi gani, na maandishi ya nyuma herufi kwa herufi. Nilipokosea mkao wa keria alijua papo hapo. Wazungu wanaopima kwa kalipa hawajawahi kunibana kama mzee yule. Alipungukiwa na pesa, akalipa kidogo kidogo, akamaliza.

Land Rover 109 ndiyo pekee niliyoiuza kwa Waingereza na kwa watu wa Lushoto. Mwingereza aliitaka ya kijani, safi, kama ilivyotoka Solihull. Mtu wa Lushoto aliitaka ina tope mpaka kwenye vioo, keria limejaa kabichi na matenga ya plamu, na abiria wananing'inia nyuma. Nikaanza kuwaonyesha Waingereza ile ya kabichi, na tangu hapo ile safi haijaulizwa tena.

Kuna aliyenikasirikia. Mzee mmoja wa reli, jirani, aliingia siku naunda dayorama, yaani mandhari ndogo ya tukio, ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, yale ambayo wanajeshi wapatao 8,000 waliotoka India walishindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu kama 1,000, na nyuki wakaingilia kati. Mteja alitaka nyuki waonekane. Kwa 1:35 nyuki ni theluthi ya milimita. Nilitumia pilipili manga iliyosagwa. Mzee alisogea, akawaangalia maofisa wenye kofia za jua, akaniambia: "Mwanangu, vita vyao, meli zao, treni zao. Waliobeba mizigo wako wapi?" Nilijibu kwamba mteja hakuwaagiza. Akanitazama vile wazee wanavyotazama, akaondoka.

Nilikosa usingizi, kisha nikatengeneza wapagazi. Nimewachonga kwa epoksi ya dukani juu ya mifupa ya waya wa mota iliyoungua: mmoja na sanduku la risasi kichwani, mmoja na gunia, mmoja amekaa chini anashika mguu. Mafundi wa sanamu ndogo wa Italia na Hispania, ambao ndio mabingwa wa kupaka rangi nyuso, wamejaza dunia maaskari wa Kirumi na wapanda farasi wa Napoleon, lakini mpagazi wa Afrika Mashariki wa Vita vya Kwanza vya Dunia sijakutana naye kwenye boksi lolote. Wateja wangu wa Kijerumani na Kiingereza, ambao hawakuwahi kuwaomba, sasa wanawaagiza kuliko manowari. Mzee nilimpelekea mmoja. Alimpokea, akauliza kwa nini hana viatu vya matairi, nikamwambia wakati ule havikuwepo, akabisha.

Kuhusu usafirishaji. Mpingo unang'aa na unavutia, lakini jamii yake nzima imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017; kabla ya kuutuma nje nenda TFS, wakala wa misitu, ukaulize, hata kama ni kipini. Mkoko nao usiuguse bila kibali. Tumia mitiki au mwembe, na uanike ubao kivulini mpaka kaskazi iishe kabla ya kuukata. Milingoti itoke, isafiri imelala. Kampuni moja ya usafirishaji ilinifikishia bumu likiwa njiti na fidia hawakutoa, kwa sababu fomu niliyopewa ilisema "mapambo" bila thamani. Andika thamani. Piga picha ya boksi likiwa wazi na likiwa limefungwa. Mwambie mteja mapema kwamba ushuru wa forodha wa kwao ni juu yake.

Rangi za makopo za modeli usiagize kwa ndege, zinashika moto na zitazuiliwa. Ninanunua rangi za gari kwenye maduka ya vipuri, wanakuchanganyia hata robo lita, unazimua kwa thina na kupuliza kwa bomba dogo. Fanya hivyo asubuhi, upepo wa bahari haujaanza kuleta vumbi, na vaa barakoa.